Vimeng'enya visivyoogopa moto: kutoka kwenye mboji hadi kipimo cha kifua kikuu

Wanafunzi wanaokuja maabara kwetu wakisikia kwamba kazi yangu ni kutafuta vimeng'enya (enzyme) vinavyostahimili joto, swali lao la kwanza huwa ni lini tutakwenda Ziwa Bogoria. Nawaelewa. Kule maji yanatoka ardhini yakichemka, na vitabu karibu vyote huanzia kwenye chemchemi za namna hiyo. Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze waliwapata bakteria wa Thermus aquaticus kwenye chemchemi za Yellowstone, Marekani, katika miaka ya 1960, na kimeng'enya chao, Taq, ndicho kilichokuja kuifanya PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, iwe kazi ya kila siku. Lakini mimi huwapeleka kwanza kwenye rundo la mboji nyuma ya jengo.

Mboji iliyorundikwa vizuri, yenye majani mabichi, samadi na unyevu wa kutosha, hufikia nyuzijoto 60 hadi 70 katikati yake ndani ya siku chache. Joto hilo linatoka kwa bakteria wenyewe wanapokula. Na hata udongo wa shambani ambao haujawahi kuwa na joto la namna hiyo una spora (chembe ngumu za bakteria waliolala) za Geobacillus, jamii ya bakteria wanaopendelea nyuzi 50 kwenda juu. Spora hizo hukaa zimelala muda mrefu sana na husafiri na vumbi, kiasi kwamba zimepatikana hata kwenye udongo wa nchi za baridi. Kwa hiyo anayetaka bakteria wa joto halazimiki kwenda mbali. Anachohitaji ni kichujio, na kichujio ni joto lenyewe.

Tunachukua gramu moja ya mboji, tunaikoroga kwenye maji yaliyotakaswa, halafu neli inakaa kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10. Bakteria wengi wa kawaida hufa, spora hubaki. Tone la maji hayo hupakwa kwenye sahani ya aga, jeli ya kuoteshea bakteria, iliyochanganywa na wanga, na sahani huingia kwenye inkubeta (kabati la joto) ya nyuzi 60 ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, la sivyo aga itakuwa imekauka na kupasuka kufikia asubuhi. Kesho yake tunamwagia iodini. Sahani nzima hugeuka bluu iliyokolea, karibu na nyeusi, isipokuwa kuzunguka makoloni machache ambako hubaki duara lisilo na rangi. Pale bakteria wametoa amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga, nje ya miili yao, nayo imeukata wanga wote uliokuwa karibu.

Duara hilo linafurahisha, ila halitoshi. Bakteria kuishi kwenye nyuzi 60 hakumaanishi kwamba kimeng'enya chake kitavumilia 90. Tunawatenga bakteria, tunabaki na maji yenye kimeng'enya, tunayaweka kwenye nyuzi 90, na kila baada ya dakika 10 tunachota kidogo na kukipima upya kwa wanga na iodini. Vimeng'enya vingi huanguka hapa.

Kwa nini vianguke? Kimeng'enya ni protini, uzi mrefu wa asidi amino uliojikunja kwa umbo maalumu, na umbo ndilo linalofanya kazi. Joto likizidi, uzi hukunjuka na kushikana ovyo na nyuzi za jirani, kama ute wa yai unavyofanya kwenye maji ya moto, na hapo hakuna kurudi nyuma. Kimeng'enya cha bakteria wa joto kimejengwa kwa asidi amino zilezile 20. Kinachokitofautisha ni mshikamano: chaji chanya na hasi nyingi zaidi zinazovutana, kiini kilichobanwa bila nafasi tupu, vitanzi vifupi vya nje, na mara nyingi ayoni ya kalsiamu iliyoshika sehemu ambayo ingelegea mapema. Hakuna siri moja. Ni vitu vidogo vidogo vinavyojumlishwa.

Kiwanda cha wanga kinahitaji hasa kimeng'enya cha aina hii. Punje za wanga wa mahindi hazikatiki vizuri mpaka zivimbe na kupasuka, kwa hiyo uji wake hupigwa mvuke hadi karibu nyuzi 105 kwa dakika chache, kisha hukaa karibu na 95 kwa saa moja au mbili. Amilesi ya Bacillus licheniformis, bakteria wa kawaida wa udongoni, hufanya kazi humo humo. Kinachotoka huendelea kukatwa hadi kuwa glukosi, na ndiko zinakotoka sharubati za viwandani zinazotiwa kwenye peremende na vinywaji.

Mfano unaonisisimua zaidi ni wa plastiki. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kimeng'enya walichokipata kwenye mboji ya majani na matawi ya bustani ya EXPO Park, Osaka. Bakteria mwenyewe hawakumwotesha. Walichukua DNA moja kwa moja kutoka kwenye mboji na kutafuta jeni humo. Kimeng'enya hicho, LCC, hukata PET, plastiki ya chupa za maji. PET huanza kulegea karibu na nyuzi 70, na chini ya hapo vimeng'enya huitafuna kwa shida sana. Mwaka 2020 kampuni ya Carbios na wanasayansi wa Toulouse, Ufaransa, walitangaza LCC waliyoiboresha: mahali pa kalsiamu waliweka kifungo cha salfa, na kwa nyuzi 72 ikavunja asilimia 90 ya PET iliyoandaliwa ndani ya saa 10.

Si kila mahali joto ni sifa. Vimeng'enya vya joto mara nyingi huwa vivivu kwenye maji baridi, na wengi wetu tunafua kwa maji ya bomba. Kwa sabuni ya unga ningetafuta kitu kingine.

Kwenye tiba naona faida yake wazi kabisa. PCR hupandisha joto hadi karibu 95 na kulishusha, tena na tena, na inahitaji mashine ya kufanya hivyo. Polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) ya Geobacillus stearothermophilus, inayoitwa Bst, ina kipaji kingine: huzisukuma nyuzi mbili za DNA zikaachana huku inaandika mpya. Juu yake Wajapani walijenga mwaka 2000 njia ya LAMP, nayo ya kunakili DNA, inayotaka joto moja tu, kati ya nyuzi 60 na 65 hivi. DNA ikizaliana kwa wingi, neli huingia ukungu mweupe unaoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2016 kwamba LAMP ya kifua kikuu inaweza kutumika kwa watu wazima badala ya kupima makohozi kwa hadubini. Vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, hukaushwa, havidai jokofu, na kwa zahanati ambayo umeme hukatika mara kwa mara hilo ni jambo kubwa.

Kabla ya kuchota sampuli popote, omba kibali. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika hadharani kwamba vimeng'enya vilivyotokana na maziwa ya magadi vilikuwa vinauzwa nje, vikitumika hata kufubaza jinzi, bila Kenya kupata mgao. Mwaka 2007 lilisaini makubaliano na Novozymes, kampuni ya vimeng'enya ya Denmark, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za viumbe, ikafuata mwaka 2010.

Jambo ambalo maabara zetu hazijalizoea vya kutosha ni kwamba joto hurahisisha pia utengenezaji. Hataza ya Taq asilia imekwisha muda wake. Jeni yake huwekwa ndani ya Escherichia coli, bakteria huoteshwa, hupasuliwa, na mchanganyiko wote hupashwa joto kwenye nyuzi 75 kwa nusu saa hivi. Protini za E. coli huganda na kuzama chini ya neli, Taq hubaki juu kwenye maji. Kinachosumbua ni mabaki ya DNA ya E. coli, ambayo yanaweza kutoa jibu la uongo ukitafuta jeni za bakteria. Ndiyo maana kila mkupuo tunaupima bila sampuli kwanza, kisha tunaulinganisha na Taq ya dukani. Hii ya kwetu ni ya kufundishia na ya utafiti. Majibu ya mgonjwa hutolewa kwa vitendanishi vilivyosajiliwa.