Kempa mpya, presha zile zile: mambo watu wanayodhani kuhusu kuishi juu ya pikapu

Mwaka wa nne huu mimi na mke wangu tunaishi juu ya pikapu huku Marekani, na sio kwamba tumefulia kama shangazi alivyotangaza kwenye grupu la ukoo, tumeamua wenyewe. Kwa asiyejua, kempa ya pikapu ni kanyumba kazima kanakaa kwenye bodi pale nyuma, pale ambapo kwetu tungepakia magunia ya mkaa, kana kitanda juu ya kabini ya dereva, jiko la gesi, friji, sinki na choo. Kwenye pembe kana jeki nne, ukitaka unakasimamisha, unachomoa pikapu chini yake unaenda zako sokoni na gari tupu. Trela inavutwa, hii inabebwa kama konokono na nyumba yake.

Mwaka jana tukauza ya zamani tukachukua toleo jipya, na tangu hapo kila tukikutana na Wabongo wenzetu nasikia maneno yale yale, mengine nilikuwa nayaamini mwenyewe.

"Mpya si itakuwa nyepesi, teknolojia imekua"

Hii nimeiamini mpaka ikanila hela. Kumbe kadiri miaka inavyoenda wanunuzi wanataka bafu la peke yake, wanataka ukuta wa kusukuma nje ili sebule iongezeke, betri kubwa, AC juu ya paa, na kila kimoja hapo ni kilo. Ile ya zamani tulikuwa tunaibeba mpaka unasahau kama ipo. Hii mpya, kona ya kwanza tu ya kutoka barabara kuu nikahisi gari linajifikiria mara mbili.

Kosa letu lilianzia kwenye brosha. Imeandikwa kilo 1,380, na pikapu yetu mlangoni kwa dereva ina stika inasema abiria na mzigo kwa pamoja visizidi kilo 1,780, nikapiga hesabu ya haraka haraka, kilo 400 zinabaki, raha mustarehe. Sasa ile 1,380 ni kempa kavu, haina hata tone la maji, na mara nyingi vitu vya oda kama AC na kivuli cha kukunjua pembeni havimo kwenye hesabu. Tangi la maji lita 150 ni kilo 150 hapo hapo, maji hayana ujanja. Mitungi miwili ya gesi ikijaa ni kama kilo 34. Mimi na mke wangu kilo 155, maana stika ya huku inamhesabu hadi dereva. Hapo bado hujaweka betri za ziada, sufuria, nguo za baridi, spana, mchele wa gunia na unga ambao ukiuona duka la Waafrika unanunua wa miezi mitatu kwa sababu hujui utapita tena lini. Nikaenda kwenye mzani wa CAT, ile mizani iliyopo kwenye vituo vya mafuta vya malori, inakupa uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja kivyake. Karatasi ikatoka, tumezidi kilo 270.

Ushauri wa kwanza tuliopewa ni ule ule wa mafundi wa kwetu, ongeza springi, au weka mifuko ya hewa kule kwenye springi za nyuma. Jamani hapa ndo pabaya kuliko pote. Mifuko ya hewa inanyanyua mkia wa gari lisikae kama limechuchumaa, inapunguza kuyumba, sawa, lakini breki ni zile zile, ekseli ile ile, rimu zile zile, na stika haibadiliki hata ukifunga mifuko kumi. Kila tairi ina uzito wake wa mwisho umeandikwa ubavuni, nenda kausome ukiwa na karatasi ya mzani mkononi, mimi niliusoma usingizi ukakata.

Na kuna hili la majina. Huku pikapu wanaziita nusu tani, robo tatu tani, tani moja, na sisi tuliokulia kwenye Hilux ya tani moja tunaelewa ni kilo elfu basi. Sio. Ni majina ya zamani yamebaki tu kama majina ya ukoo, hizo za "tani moja" nyingi zinabeba kilo 1,800 na kuendelea, na yenye tairi mbili mbili nyuma inapita hapo mbali, halafu pikapu mbili za modeli moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana mamia ya kilo kwa sababu moja ina injini ya dizeli na kabini ndefu na nyingine haina. Kwa hiyo achana na tangazo, achana na muuzaji, soma stika ya gari lile lile unalotaka kulipia. Na likisema linavuta tani sita hiyo ni habari ya trela, kempa haivutwi, inakaa mgongoni.

Hata kilo zikiwa sawa kuna swali zinakaa wapi. Kempa inakuwa na alama ya kitovu cha uzito, na kile kitovu kinatakiwa kiangukie mbele ya ekseli ya nyuma, kikirudi nyuma yake basi pua inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi vibaya mno.

Mwisho wa yote tukauza na pikapu, tukachukua ya tairi mbili mbili. Ndo bei ya toleo jipya ambayo haiandikwi popote, umebadilisha nyumba ikakulazimu ubadilishe na msingi.

"Una sola na lithiamu, umeme wako haukatiki, washa chochote"

Betri moja ya lithiamu ya ampea 100 kwa volti 12 inabeba kama wati 1,280 za saa moja. AC ya paani inakula wati 1,300 hivi. Malizia mwenyewe hiyo hesabu.

Tena ya zamani ilikuwa na friji ya gesi, ile unayoiwasha na kiberiti cha ndani halafu inakaa wiki kadhaa kwa mtungi mmoja, masharti yake ilikuwa uegeshe gari likiwa limelala sawa, ukiegesha mlimani inagoma. Mpya ina friji ya kompresa, inagandisha vizuri, haijali mlima, ila inakula ampea 40 mpaka 60 kila siku ya Mungu hata umekaa tu unaangalia mvua. Yaani uhuru wa kuegesha popote tumeupata, uhuru wa kukaa siku tano chini ya mawingu tumeupoteza, na sikuambiwa hilo dukani.

Kituko kilikuwa Flagstaff, Arizona, mji upo zaidi ya mita 2,000 juu, asubuhi ya Januari jua linawaka kama la Dodoma na betri haiingizi kitu. Nikakagua waya zote, nikapanda juu ya paa kufuta sola, wapi. Kumbe lithiamu ya aina hii haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, ina saketi ndani inajifungia, na betri zetu zilikuwa kwenye kabati la nje lisilopata joto. Zipo zenye kipasha joto chake, au unazihamishia ndani. Na ukitaka kuchaji kutoka kwenye injini usiunge waya moja kwa moja, lithiamu inavuta umeme mwingi mno inaweza kuunguza alternata, weka chaja ya katikati.

"Imeandikwa misimu minne, baridi haiingii"

Hayo maneno hayana kipimo cha kisheria, kila kampuni inaandika inavyoelewa yenyewe. Lakini adui yetu hata sio baridi, ni unyevu. Gesi ya kupikia kilo moja ikiungua inatoa maji zaidi ya kilo moja na nusu kama mvuke, hita ya ukutani moshi wake unatoka nje ila jiko linamwaga yote humo ndani. Sasa wewe chemsha maharage masaa mawili, songa ugali, lala watu wawili mnapumua usiku kucha madirisha yamefungwa, asubuhi kuta zinatoa jasho na chini ya godoro kuna ukungu. Siku hizi maharage ni kwa presha kuka, feni ya paani inazunguka hata nje kukiwa na theluji, na chini ya godoro tumeweka mkeka wa plastiki wenye matundu ili hewa ipite. Kufungua dirisha kwenye baridi wageni wetu wanaona ni wazimu, waache waone.

"Mpya ina waranti, tulia"

Soma kijitabu. Waranti nyingi za kempa na magari ya kulala zina mstari unaosema ukiishi humo moja kwa moja hatupo, wao wametengeneza kwa ajili ya likizo. Sisi dirisha lilianza kuvuja mwezi wa pili, pale gereji swali la kwanza likawa mnaishi humu? Mke wangu akajibu ndiyo kabla sijamkanyaga mguu. Bima ni hivyo hivyo, inabidi useme wazi unataka ya mkaaji wa kudumu.

"Mnalala popote mnapotaka, bure"

Popote hapana, bure kiasi. Ardhi ya serikali kuu inayosimamiwa na idara yake ya ardhi, BLM, huko magharibi sehemu nyingi unaruhusiwa siku 14 ndani ya siku 28 halafu unahama. Kule Quartzsite, Arizona kuna maeneo ya kukaa msimu mzima kwa kulipia kibali, kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Aprili, wazee wa Kimarekani wanajaa kama kwenye mnada. Mijini ndo kugumu, miji mingi ina sheria za kukataza kulala kwenye gari, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, iliamua miji inaweza kuwaadhibu watu wanaopiga kambi maeneo ya umma. Na ule usemi kwamba maisha haya hayana gharama, pikapu ikibeba nyumba inakwenda kilomita 4 au 5 kwa lita, hamahama kila wiki uone.

Kuna moja inawahusu wahamiaji wenzangu hasa. Watu wanasema chukua anwani ya sanduku South Dakota au Texas au Florida, majimbo hayana kodi ya mapato, barua zinapigwa picha unazisoma kwenye simu, kwisha kazi. Kwa raia sawa. Ila kama una grini kadi au viza, sheria inataka utoe taarifa ya kuhama ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, na ile fomu inauliza unapoishi kweli, sio barua zinapofikia tu. Muulize mwanasheria kabla ya kuuza makochi, sio baada.

Halafu choo. Mama yangu yuko Muheza, kila akipiga simu lazima arudi hapo, anaamini tunachimba porini. Choo ni cha kaseti, chini kuna tangi la lita kama 19 lina magurudumu, sisi wawili tunakaa siku tatu au nne, unalivuta kama begi la uwanja wa ndege mpaka sehemu maalumu ya kumwagia, unasuuza, unaweka dawa, unarudisha. Kumwaga chini ni kosa na faini ipo. Mama kasikiliza yote hayo kimya, halafu kauliza mgeni akija na yeye anatumia hicho hicho? Ndiyo mama, hicho hicho.