Tochi ya kichwa inayoona puani tu: karabai au kurunzi?

"Fundi, taa hini yaona puani tu." Hayo aliniambia nahodha mmoja usiku, mwezi uliopita, yeye amesimama juu ya mashua yake, mimi nimejikunja chini ya mbao za sakafu, mikono yote miwili ndani ya ngama, pale chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika. Alikuwa ameniomba ile tochi yangu ndogo ya kichwa aijaribu. Akaivaa, akatazama ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor, asione kitu, akanirudishia kama mtu anayerudishiwa chenji pungufu. Sikubishana naye. Ila mimi kazi yangu iko papo hapo puani.

Mimi hutengeneza mashine na umeme wa boti, Mji wa Kale. Tangu usiku ule watu watatu wameniuliza kama nao wanunue tochi ya aina hii: ndogo, ya kuvaa kichwani, ya mwanga wa kuenea badala ya mwanga wa kupiga mbali. Jibu langu hutegemea swali moja: kile unachotaka kukiona kiko umbali gani na macho yako? Kikiwa ndani ya urefu wa mkono, nunua. Kikiwa mbali kuliko hapo, tochi hii itakuudhi kama ilivyomuudhi nahodha. Lakini hata anayestahili kuinunua anaweza kukosea, kwa sababu maandishi ya kwenye boksi yanasema mambo mengi na yanaficha mengi.

Kwanza, kwa nini usiku. Anayejua maji ya Mombasa anajua kwamba wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mashua huletwa maji yakiwa yamejaa alasiri, inakaa mchangani yenyewe, na kuanzia kama saa mbili na nusu usiku unaweza kufika chini ya mkuku, kwenye shafti na rafadha. Unapata muda wa saa tatu hivi, kisha bahari inarudi kudai mahali pake. Bamvua halingojei fundi aliyekwenda kutafuta betri.

Wazee wetu walikuwa na taa mbili kwa kazi mbili. Karabai ilitundikwa mlingotini ikamwaga mwanga kila upande: uvuvi wa dagaa, harusi, maulidi. Kurunzi ilishikwa mkononi ikarusha mwanga kama mkuki ili kuona boya au mwamba mbele. Hakuna aliyejaribu kukalafati mashua kwa kurunzi. Tochi ya kichwa ya mwanga mpana ni karabai iliyopungua mpaka ikatosha kwenye paji la uso.

Sasa namba. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa. Kandela ni ukali wa mwanga huo upande mmoja. Ukichukua chungu cha maji ukakimwaga sakafuni, au ukayapitisha maji yale yale kwenye mpira wenye tundu dogo, maji hayajaongezeka, ila ya mpira yanafika mbali. Lumeni ndiyo maji, kandela ndiyo kasi ya mpira.

Kiwango cha Marekani kiitwacho FL1, ambacho watengenezaji wengi wa tochi hukifuata, huhesabu umbali wa mwanga mpaka pale unapobaki luksi 0.25 (luksi hupima mwanga unaoangukia kitu), kiasi cha mbalamwezi ya mwezi mpevu kukiwa hakuna mawingu. Hesabu yake ni rahisi: kipeuo cha pili cha kandela, mara mbili. Tochi ya kandela 10,000 itaandikwa mita 200. Balbu ya LED isiyo na kioo cha kukusanya mwanga, yenye lumeni 400, hutoa kandela kama 127 tu mbele yake, kwa hiyo itaandikwa mita 22. Mnunuzi anasoma 22, anaona mbovu, anairudisha. Kumbe zote mbili zinaweza kuwa na lumeni sawasawa.

Geuza hesabu hiyo uitazame kutoka upande wangu. Lumeni 150 za mwanga mpana, kitu kikiwa sentimita 40 kutoka usoni, hukupa karibu luksi 300 zilizotandaa sawasawa. Ofisini hulengwa luksi 500 juu ya meza. Kwa hiyo kwa taa ndogo iliyopunguzwa nguvu nakaribia mwanga wa ofisi ndani ya ngama ya jahazi, na ninaona nati, spana, mkono wangu na waya uliojificha pembeni kwa pamoja. Kurunzi ikielekezwa hapo hapo humwaga maelfu ya luksi kwenye duara la ukubwa wa kikombe. Mboni ya jicho inajibana kwa ajili ya duara lile, na kila kilicho nje yake kinazama gizani. Fiberglasi nyeupe iliyolowa ndiyo mbaya zaidi, inakurudishia ule mwanga machoni kama kioo. Ukigeuza shingo duara linahama, na ile spana uliyoiweka kando imepotea. Nimetafuta spana namba 10 namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Katika mwanga mpana nao kuna tabaka. Ziko zenye LED tupu nyuma ya kioo cha kawaida, ambazo mwanga hupungua polepole na kufikia nusu kwenye nyuzi 60 kila upande. Ziko zenye kioo cha ukungu au lenzi yenye vipele, ambazo hubana kidogo katikati. Za kwanza ni bora kwa kazi ya mikono pekee. Za pili zinakubali pia kutembea nazo gatini bila kukanyaga kamba. Mimi nilichukua ya pili.

Jambo ambalo boksi nyingi hazilitaji kabisa ni rangi. Taa nyingi za bei ya chini hutoa mweupe wenye ubuluu, kelvini 6500 au zaidi (kelvini hupima rangi ya mwanga, ikipanda mwanga unakuwa wa buluu zaidi), na rangi nyekundu inafifia ndani yake. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa na tochi ya namna hiyo, niliunganisha waya wa kahawia wa pampu mahali pa waya mwekundu wa betri. Mchana ungemcheka mtu aliyekosea hivyo. Usiku ule zote mbili zilikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Fyuzi iliungua, na ahsante kwake, maana bila fyuzi ingeungua boti. Tafuta tochi yenye alama ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli, 90 au zaidi, na kelvini kati ya 4000 na 5000. Zenye CRI kubwa hutoa lumeni pungufu kwa betri ile ile, hilo nakubali. Bora nione kidogo na nione kweli.

Kuna na kumeta. Baadhi ya tochi hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima LED haraka sana, jicho lisitambue. Kwa anayesoma kitabu si neno. Kwa fundi aliyefungua kifuniko cha dizeli inayonguruma ni hatari ya kukatwa vidole: kama kumeta kunalingana na mzunguko, kapi inayozunguka huonekana imesimama. Jaribio lake ni la bure. Dukani, punguza taa mpaka chini, kisha tikisa kalamu haraka mbele yake. Ukiona kalamu nyingi zimepangana kama vijiti vya mshikaki badala ya ukungu mmoja, iache.

Sasa tuje kwenye udogo, maana ndipo nilipobabaika kwa wiki mbili. Jirani aliniazima moja ndogo mno, ya betri ya lithiamu fupi kuliko kidole changu cha mwisho, boksi limeandikwa lumeni 1000. Niliivaa ndani ya kichumba cha mashine, Februari, kaskazi imekufa, hakuna hata pumzi ya upepo. Lumeni 1000 zilidumu kama dakika mbili. Kisha ikajishusha yenyewe, nami nikabaki na joto pajini. Si ubovu. LED inazalisha joto, na kipande kidogo cha alumini hakina pa kulipeleka. Kwenye baridi ya milimani upepo hulichukua, ila kwetu hapa fukuto linaliongeza. Kwa hiyo namba kubwa ya tochi ndogo ni ya kuonyesha wageni. Uliza inaweza kushikilia lumeni ngapi kwa saa nzima.

Hata saa zilizoandikwa zisikubabaishe. Katika kiwango kile cha FL1, muda huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ulivyoanza. "Saa 30" inaweza kuwa saa chache za mwanga na usiku kucha wa kijinga cha moto.

Nguvu iliyomo kwenye betri haidanganyi. Betri moja nzuri ya 18650, ile ya milimita 18 kwa 65, hubeba kama wati-saa 12. Kwa lumeni 150 itakuchukua saa saba au nane. Ndugu yake mfupi, 18350, hubeba kama 4. Betri ya AA ya kuchaji hubeba wati-saa 2.4 hivi, yaani saa moja na nusu. Upande wa pili wa mizani, 18650 peke yake ina gramu 45 na ushei, AA haifiki 30, na shingo iliyoinama kwa saa tatu huzijua gramu hizo moja moja.

Na kama utachukua ya 18650, jihadhari na betri zinazoandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha umeme zinachodai kubeba. Zilizo nzuri huishia 3500 hivi. Nilinunua moja ya namna hiyo nikaipeleka kwa sonara jirani, akaiweka kwenye mizani yake ya dhahabu: gramu 31. Alinitazama kama niliyeuziwa pete ya bati.

Nikaamua AA moja. Si kwa sababu ina nguvu, haina. Ni kwa sababu naweka nne zilizochajiwa kwenye kikopo, nabadilisha mara moja katikati ya bamvua, na nikisahau kikopo nyumbani, duka lolote la mtaani litaniuzia betri, hata saa tano usiku. Anayeniuliza angekuwa fundi anayefanya kazi usiku kucha gatini Kilindini, ningemwambia abebe uzito wa 18650 na asinisikilize.

Kulikuwa na mbili zilizonivutia nikaziacha kwa ajili ya chumvi. Ya kwanza ina tundu la kuchajia lililozibwa kwa kipande cha mpira. Mpira ule hulegea, hewa ya bahari inaingia, na ndani ya miezi shaba inaota kijani. IPX7 maana yake imezamishwa mita 1 kwa dakika 30 ikapona, lakini jaribio hilo ni la maji matamu. Ya pili ina sumaku kitakoni, wauzaji wanaisifu kwamba utaibandika kwenye injini. Injini gani? Mashine za kufunga nyuma ya boti ni alumini kwa sehemu kubwa, boti ni fiberglasi au mbao. Hapo itavuta chembe za chuma tu. Halafu siku moja utaiweka karibu na dira, na nahodha atajikuta anaelekea pasipo Malindi.

Yangu haina tundu wala sumaku. Ina umbo la herufi L, inachomoka kwenye mkanda, naibana mfukoni. Ina pia mwanga mwekundu, ambao sikuujali mpaka tulipotoka nayo majini. Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa kuenea huyaharibu ya kila mtu aliyemo, maana ukimgeukia mwenzako umemwangaza usoni. Chombo kikiwa safarini, wekundu au zima. Nahodha abaki na kurunzi yake.

Kama unatembea usiku, unaendesha baiskeli, au unatafuta boya, hii si yako. Seremala, fundi wa umeme wa nyumba, mama anayekaanga viazi usiku kibarazani umeme ukikatika: chukueni.

Matunzo hayana siri. Isuuze kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, au ya mfereji yakitoka. Toa betri kama huitumii. Paka oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji, grisi ya silikoni, si mafuta ya injini, yanaweza kuivimbisha. Na mkanda ufue, tafadhali. Jasho la Mombasa likikaa wiki mbili kwenye mkanda ule, kijana anayenishikia spana huanza kunipitishia vifaa akiwa mbali sana.