Je, wajua kwa nini vidole vya mpanda miamba havina misuli?

Anza na jaribio dogo. Weka kiganja mezani, kisha kunja kidole cha kati kiingie chini, mgongo wa pingili yake ukalie meza. Vingine vyote vinyooshe. Sasa nyanyua gumba: kinakuja. Cha shahada: kinakuja. Cha mwisho nacho kinakuja. Nyanyua cha pete. Utakitazama kama kidole cha mtu mwingine, hakitikisiki.

Kidole chako ni kizima. Kano zinazonyoosha kidole cha kati na cha pete zimefungamana nyuma ya kiganja, kwa hiyo cha kati kikizuiwa, mwenzake naye amefungwa. Kinachovuta kano hizo hakipo hata kwenye kidole. Vidole havina misuli ya kuvikunja wala ya kuvinyoosha. Vyako havina, na vya bingwa wa dunia havina. Kiganjani kuna misuli midogo midogo inayosaidia kazi nyepesi, lakini ile mikubwa ya kushikia imekaa kwenye kigasha, yaani kati ya kisugudi na kifundo cha mkono. Shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, halafu chezesha vidole vya kushoto. Unaisikia inavyotembea chini ya ngozi?

Kwa sisi wa Tanga, mji wa baiskeli, mfano uko mlangoni. Ukiminya breki kwenye usukani, nguvu inapita kwenye waya hadi chini kwenye gurudumu. Kigasha ndicho kinachominya, kano ndiyo waya, na ncha ya kidole ndiyo inayouma jiwe. Na kama waya wa breki unavyoshikiliwa na vibanio usichomoke kwenye fremu, kano nazo zinapita ndani ya vipete vigumu vilivyoshikamana na mifupa ya kidole. Vipete hivyo tuvikumbuke, tutavirudia.

Niliyaanza haya yote Tongoni, barabara ya Pangani, nilipokuwa nangoja dafu. Mkwezi alikuwa mzee wa makamo ya kunizaa. Nikamwamkia, akaitikia, akasugua viganja kwa mchanga mkavu, akapanda. Mnazi ule ulikuwa na vidato kutoka chini hadi kwenye makuti. (Wengi tunalijua neno kidato kwa sababu ya shule, lakini kidato cha mwanzo ni hilo pengo linalochongwa kwenye mnazi ili mguu upate pa kukanyaga. Aliyelipeleka darasani alijua anachofanya.) Aliposhuka hahemi, nikamuuliza mikono haimchoki?

“Mkono ni wa kukuzuia usianguke, mwanangu,” akasema. “Anayepanda ni mguu. Ukimkumbatia mnazi kwa woga, hufiki kwenye kuti.”

Makocha wa kupanda miamba huko Ulaya na Marekani huanza na somo hilohilo, na sababu yake ni damu. Msuli ukikazwa, unaibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Ukishika kidogo tu, damu inapita na unaweza kukaa muda mrefu. Ukikaza kufikia kama nusu ya nguvu zako zote, damu ndani ya kigasha karibu inasimama: hewa safi haiingii na uchafu wa kazi hautoki. Kigasha kinajaa, kinakuwa kigumu kama mhogo mbichi, na vidole vinafunguka vyenyewe hata kama unaviamuru vishike. Ndiyo maana utamwona mpandaji ameganda mahali, mkono mmoja umening'inia chini anaukung'uta. Anairudishia damu njia. Na ndiyo maana anaposhika hunyoosha mkono, mwili ukaning'inia kwenye mifupa, badala ya kuukunja kisugudi na kulipia kila sekunde kwa msuli.

Mchanga wa mkwezi nao una ndugu. Mmarekani John Gill, aliyekuwa mchezaji wa sarakasi za viungo, ndiye aliyeingiza kwenye miamba ule unga mweupe wa magnesiamu kaboneti, miaka ya 1950, ili kukausha jasho. Kwa joto letu la pwani, mfuko mmoja ungeisha kabla ya adhuhuri.

Sasa turudi kwenye vipete. Msuli una damu nyingi. Ukiufanyisha kazi, ndani ya wiki chache unaongezeka nguvu. Kano na vipete vina damu kidogo, na kukomaa kwake ni kwa miezi, tena miezi mingi. Hapo ndipo vijana wanapoumia. Mwezi wa tatu wa mazoezi kigasha kimeshakuwa na nguvu za kuvuta kuliko kile ambacho kipete kinaweza kushikilia. Mtu anashika ukingo mwembamba kwa vidole vilivyokunjwa kama kucha za kunguru, ule mkao unaokiumiza kipete kuliko wote, na kidole kinalia “tak”. Mara nyingi ni kidole cha pete. Baada ya hapo ni wiki nyingi za kutogusa jiwe.

Aliyeisukuma habari hii ya vidole mbali kuliko wenzake ni Mjerumani Wolfgang Güllich. Mwaka 1988, katika ukumbi wa mazoezi wa Campus mjini Nuremberg, alipigilia vipande vya mbao kwenye ubao ulioinama, akawa anapanda kwa mikono mitupu, miguu ikielea hewani. Mwaka 1991 akaipanda njia aliyoiita Action Directe, katika miamba ya Frankenjura hukohuko Ujerumani, yenye vitundu vya kuingiza kidole kimoja au viwili tu. Jiwe lile ni chokaa ya enzi ya Jurasi, enzi ileile iliyotupa chokaa ya Mapango ya Amboni hapa kwetu. Tafadhali usiende Amboni kujaribu vidole. Yale ni mapango ya urithi, si uwanja wa mazoezi. Na ubao wa Güllich, madaktari wa mchezo huu wanawakataza walio chini ya miaka 18, kwa sababu mifupa ya vidole vyao bado inakua na huweza kupasuka palepale inapokulia.

Kwa mtu mzima anayetaka kuanza nyumbani, vifaa ni vichache. Mimi nilifunga kwa skrubu kipande cha mbao kwenye boriti ya banda la uani, ukingo wake kama upana wa gumba, nikaulainisha kwa msasa. Unaning'inia sekunde 7, unapumzika 3, mara sita. Hiyo ni dakika moja. Unakaa dakika tatu bila kufanya kitu, unarudia, basi. Mara mbili kwa wiki inatosha, na wiki za mwanzo acha miguu kwenye stuli ili usibebe uzito wote. Vidole viwe nusu wazi, visikunjwe. Misuli ya upande wa pili, inayofungua kiganja, nayo ina haki yake: kata pete ya tyubu ya baiskeli, vika vidole vyote vitano, ufungue na kufunga mpaka nyuma ya kigasha pawake moto.

Baada ya miezi minne nilirudi Tongoni na kiburi changu. Nilijua ukuta wa mbio za kupanda kwenye Olimpiki una mita 15, na kwamba kule Paris, Agosti 2024, Sam Watson wa Marekani aliumaliza kwa sekunde 4.74. Mnazi ule ulizidi mita 15, lakini mimi sikuwa na haraka. Kwanza tulishindana kuning'inia kwa ncha za vidole kwenye boriti ya kibanda chake. Mzee aliachia kwanza, akacheka, akaniambia haya, mnazi ule pale.

Nilifika kidato cha sita. Nikabaki nimeukumbatia, vigasha vimejaa, nyayo zangu laini zinaungua, na sauti yake chini inaniambia, “Mguu, mwanangu. Mguu.”