Serikali kuomba radhi: maana yake, na kwa nini pole haitoshi

Asubuhi pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mbeba mizigo anapita na gunia begani, anagonga beseni la mama na dagaa wote wanamwagika. Wauzaji wa jirani wanasema, "Pole, mama." Lakini yule mbeba mizigo naye akisema pole tu na kuendelea na safari, atazomewa soko zima. Kwake neno ni moja: "Naomba radhi, mama, nimekumwagia." Kisha anatua gunia, anainama kuokota. Pole husemwa na yeyote. Radhi huombwa na aliyetenda.

Serikali kuomba radhi ni jambo hilohilo likifanywa na dola. Ni kauli rasmi ambamo mkuu wa nchi, au mwenye mamlaka ya kusema kwa niaba yake, analitaja tendo kwa jina lake, anakiri kwamba dola ndiyo iliyolitenda, na anawaomba radhi waliotendewa au wazao wao. Isichanganywe na msamaha wa Rais kwa wafungwa. Ule serikali inautoa, huu inauomba.

Wapo wanaouliza: waliotenda wameshakufa, wa leo wanaombea nini? Dola haifi pamoja na watumishi wake. Serikali inayoingia madarakani hurithi mikataba, majengo na madeni ya iliyotangulia, na haikatai mkopo kwa sababu aliyeusaini yuko kaburini. Deni la damu haliwezi kuwa ndilo pekee lisilorithiwa.

Kauli hizi huharibikia kwenye kitenzi: wapo wanaoomba, na wapo wanaosikitika tu. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akiwa Songea, kusini mwa Tanzania, aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowafanyia watu wa huko katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906. Wiki hiyohiyo Mfalme Charles III alikuwa Kenya, akaeleza huzuni na majuto makubwa kwa ukatili wa enzi za ukoloni. Radhi hakuomba. Miaka kumi nyuma, Juni 2013, Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, ikasema inasikitika, huku ikiendelea kukana kuwa inawajibika kisheria. Ndiyo maana maneno huchujwa hivyo: neno "radhi" likitoka, wanasheria wanaogopa kesi zitakazofuata.

Kosa jingine ni kuzungumza na mtu asiye mwenye msiba. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubaliana na serikali ya Namibia juu ya mauaji ya kimbari ambayo Wajerumani waliwafanyia Waherero na Wanama enzi za ukoloni, pamoja na euro bilioni 1.1 za kutolewa kwa miaka 30. Viongozi wengi wa jamii hizo waliukataa mpango huo, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa ya serikali na serikali, na fedha ziliitwa za maendeleo, si fidia.

Tusidhani ni suala la wakoloni peke yao. Mwaka 1976, hapa Tanzania, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwenye msako wa wauaji wa waliodaiwa kuwa wachawi waliteswa, na baadhi walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ingawa hakutesa mtu kwa mkono wake. Huo ni uwajibikaji, na tunauheshimu mpaka leo. Hata hivyo, kujiuzulu humwondoa kiongozi kwenye kiti. Hakuzungumzi na mjane.

Radhi kwa jambo kama hilo ingeanza na orodha: jina la kila aliyekufa, kituo alikoshikiliwa, tarehe, na mahali alipozikwa kama panajulikana. Ingesomwa hukohuko vijijini, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na anayeisoma angesema "dola ilitesa" badala ya "makosa yalitokea". Kisha ingetaja familia zitapata nini, kutoka fungu lipi, na lini.