Mume Mwenye Baipola Si Mtoto wa Nne

"Dokta, huyu sasa ni mtoto wangu wa nne," mama mmoja aliniambia mwezi uliopita katika kliniki yetu hapa Moshi, huku mumewe akiwa ameketi kando yake, macho sakafuni. Mume huyo alikuwa ametimiza miezi minane bila dalili za baipola (ugonjwa wa akili wenye vipindi vya mania, yaani msisimko uliopita kiasi, na vipindi vya sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu), anameza dawa bila kukumbushwa na amerudi kwenye biashara yake ya ndizi Kiboriloni. Hata hivyo simu yake, kadi ya benki na namba ya siri ya M-Pesa vilikuwa bado mikononi mwa mkewe. Kauli hiyo nimeichoka, kwa sababu husemwa kana kwamba ni sifa.

Dhana yenyewe ni kwamba aliyewahi kuugua akili hubaki chini ya ulezi wa mwenzake daima. Ukweli ni kwamba utegemezi katika ugonjwa huu hupanda na kushuka. Mgonjwa aliyepandwa na mania anaweza kutaka kuuza hata kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa bei ya mbuzi, hivyo kumshikia fedha wakati huo ni kumlinda. Mania ikishatulia, ulinzi uleule hugeuka kifungo, tena chenye madhara ya kitabibu. Mwaka 1972, George Brown na wenzake wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 101 wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) kwa miezi 9 baada ya kutoka hospitali: miongoni mwa waliorudi kwa jamaa wenye lawama, uhasama au tabia ya kuwaingilia kupita kiasi, asilimia 58 waliugua tena, ilhali kwa wengine ilikuwa asilimia 16. Tafiti zilizofuata zimeonyesha mwelekeo huo huo katika baipola na sonona. Simlaumu mke, kwani anayekagua ulimi wa mumewe kila asubuhi ili kuhakikisha kidonge kimemezwa ni mtu aliyeogopa sana siku moja, na hofu ile haikuwahi kutibiwa.

Ushauri wangu, ambao wauguzi ninaofanya nao kazi wananicheka kwa kuurudia, ni daftari. Mgonjwa akiwa na nafuu, wawili hao waandike pamoja dalili za mwanzo (kwa mfano, kulala kwa muda wa saa tatu tu usiku na kuamka bila uchovu), vitu atakavyokabidhi zikionekana, na hasa lini vitarudishwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho ambacho karibu kila mtu hukiacha wazi. Mama yule amekwisha kurudisha kadi; simu bado tunaijadili.

Wengine husema kwamba aliyepata nafuu aache dawa ili nyumba irudi kuwa ya kawaida. Sivyo: dawa ya sonona huendelea kwa angalau miezi 6 baada ya nafuu, na ya baipola kwa kawaida huchukua miaka.

Wapo pia wanaodhani kwamba ugonjwa wa akili wa mwenzi ni talaka ya moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inautaja kama ushahidi wa kuvunjika kwa ndoa pale tu madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa na sifa au uzoefu wa magonjwa ya akili, wamethibitisha kwamba hawaoni tumaini la kupona. Mtu anayefungua duka lake kila asubuhi hawezi kuandikiwa hivyo, nami nimekwisha kuombwa kuandika, nikakataa, zaidi ya mara moja.