Tundu la hewa kwenye chumba cha rubani: ni nini, na unapolibadilisha unachagua nini

Ukipanda Caravan, ndege ndogo ya abiria, pale Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, kwenda Seronera au Zanzibar, juu ya kichwa chako utakuta kitu cha mviringo. Ukikizungusha kinafunguka na kutoa upepo. Ukikisukuma upande, upepo unahama kutoka usoni kwenda kifuani, au kwa jirani yako. Hilo ndilo tundu la hewa, na wengine huliita venti. Kwenye ndege ndogo ya watu wawili, ile ambayo mtu ameiunda mwenyewe gereji kwake, tundu hilo hukaa kwenye dashibodi au chini yake kidogo: moja la rubani, moja la abiria. Bei yake si kitu mbele ya redio na vipimo vilivyo jirani yake, na nadhani ndiyo sababu watu wengi hulichagua kwa kuangalia picha tu.

Kwa ndege ya kiwandani, tuseme Cessna 172, huwezi kuchomeka tundu lolote ulilolipenda. Kipuri lazima kiwe kimeidhinishwa kwa aina hiyo ya ndege. Ndege ya kujiundia ina utaratibu mwingine. Marekani, ambako vifurushi vingi vya vipande vya kuundia ndege hizi vinatoka, hupewa cheti cha majaribio, na sharti kuu ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda iwe imefanywa na watu walioifanya kwa kujifunza au kujifurahisha. Mwenye ndege ya namna hiyo ana uhuru wa kuchagua tundu. Ana pia kazi ambayo kwa Cessna ilishafanywa na wahandisi wa kiwanda: kuhakikisha tundu linaendana na vyote vilivyo nyuma yake.

Na nyuma yake kuna mengi, kwa sababu tundu unaloliona ni mwisho tu wa njia ndefu. Mwanzo wa njia uko nje, ubavuni mwa ndege, mara nyingi ukiwa na umbo la kishimo kilichozama kwenye bati, chembamba mbele na kipana nyuma. Umbo hilo lilibuniwa miaka ya 1940 na NACA, taasisi ya utafiti wa anga ya Marekani ambayo mwaka 1958 iligeuka kuwa NASA, na hadi leo linaitwa kwa jina la taasisi ile ya zamani. Uzuri wake ni kwamba linavuta hewa ndani bila kuchomoza nje na kuipunguzia ndege mwendo. Kutoka hapo hewa hupita kwenye bomba laini lenye mikunjo, chini ya dashibodi, ndipo ifike kwenye tundu. Halafu lazima itoke chumbani. Hilo la mwisho tutalirudia, maana ndipo hatari ilipo.

Kinachosukuma hewa hiyo si feni, ni mwendo wa ndege yenyewe. Presha yake hupanda kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, presha inakuwa mara nne. Kipimo cha mwendo kikisoma noti 100, yaani kama kilomita 185 kwa saa, presha ya hewa inayoigonga ndege kwa mbele inatosha kuinua maji sentimita 16 hivi ndani ya mpira mwembamba wa kupitisha maji. Ndege ikitambaa ardhini kwa noti 10, presha hiyo ni moja ya mia tu, na maji hayanyanyuki hata milimita mbili. Ndiyo maana rubani aliyejifungia chini ya kanopi, yaani kifuniko cha kioo cha chumba chake, kwenye uwanja wa Moshi mwezi wa Februari, akisubiri zamu yake ya kuruka, hulowa jasho hata kama tundu lake ni la bei mbaya kuliko yote. Propela iliyo mbele humsaidia kidogo kwa kusukumia hewa kwenye kishimo, ila ndege yenye propela nyuma haina hata msaada huo. Kwa hiyo ukisikia mtu anabadilisha matundu ili apoe akiwa ardhini, mwambie ahifadhi hela zake. Joto la ardhini dawa yake ni kanopi inayoruhusiwa kuachwa wazi kidogo wakati wa kutambaa, kofia, na chupa ya maji.

Mimi naona swali la kwanza la mnunuzi lisiwe tundu linatoa upepo kiasi gani. Angani, karibu tundu lolote lenye njia nzuri nyuma yake hutoa upepo wa kutosha. Swali liwe: likifungwa, linafunga kweli?

Fikiria safari ya kawaida. Uwanja wa Kisongo uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Umeondoka hapo joto likiwa nyuzi 25, ukapanda hadi mita 3,400. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kwenda juu, hivyo huko utakuta nyuzi 12 hivi. Kwa mtu aliyekulia Machame hiyo si baridi ya kumtisha. Lakini hewa hiyo ikichuruzika kutoka kwenye tundu lililofungwa nusunusu, ikapiga vidole vya mkono uleule kwa saa nzima, utatamani ungelinunua jingine. Kisha kuna vumbi. Viwanja vingi vya mbugani ni vya udongo na changarawe, na ndege iliyokutangulia inakuachia wingu zima. Tundu linalovuja linalileta hadi kwenye miwani. La tatu ni zito zaidi. Orodha ya dharura ya Cessna 172 kwa moto wa umeme angani inamtaka rubani, baada ya kuzima umeme, afunge matundu ya hewa na hita kabla ya kutumia kizima moto, kisha moto ukishazimika apitishe hewa chumbani. Tundu lisilofunga linaendelea kuulisha moto hewa wakati unapambana nao.

Uvujaji una sehemu mbili, na wanunuzi wengi huangalia moja tu. Tundu la kawaida lina mpira wa duara unaozunguka ndani ya pete, na ndani ya mpira huo kuna kilango cha kufungua na kufunga. Kilango kinaweza kubana vizuri kabisa, lakini hewa ikapita pembeni, kati ya mpira na pete. Matundu bora huwa na oringi, yaani pete laini ya kuzuia uvujaji, au kitambaa cha sufi nzito mahali hapo. Yale ya plastiki ya bei rahisi hutegemea kubana kwa plastiki yenyewe, na likishageuzwa-geuzwa msimu mzima linalegea hadi linaangalia chini lenyewe.

Hili linapimika mezani, bila ndege. Mafundi ujenzi wanao ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa kupimia levo kwa maji. Kata kipande cha mita moja, kikunje kwa umbo la U juu ya ubao, tia maji yenye tone la rangi. Funga tundu lako jipya kwenye kipande cha bomba, toboa bomba hilo kijitundu karibu na venti, ingiza ncha moja ya mpira wa maji, ziba kwa utepe. Ncha nyingine iache wazi. Upande wa pili wa bomba weka blowa, ile ya kupulizia vumbi kwenye kompyuta, na uzibe kidogo kidogo mdomo wake wa kuvutia hewa hadi maji ya pande mbili yapishane sentimita 16. Sasa tundu lako liko kwenye noti 100 za mwendo. Lifunge, washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu kuzunguka pete, kisha katikati. Moshi ukinyooka, tundu linafunga. Ukiyumba au ukikatika, umeona penye kuvuja, na bado unaweza kulirudisha kwa muuzaji. Kazi hii ifanywe mbali na ndege na mbali na petroli, kwa sababu ya hicho kijiti.

Baada ya kufunga ndipo kipenyo. Hapa watu hukosea kwa kuchanganya vipimo: kuna kipenyo cha shimo la kwenye dashibodi, kuna kipenyo cha shingo ya nyuma inakovaliwa bomba, na kuna upana wa pete ya mbele inayofunika shimo. Matundu mawili yanaweza kuandikwa inchi mbili yote na bado yasiingie shimo moja. Pima vyote vitatu kwa kalipa, na cha nne ni kina, yaani nafasi iliyopo nyuma ya dashibodi kabla hujakutana na nyaya au mgongo wa redio. Bomba nalo linahitaji nafasi ya kupinda bila kujikunja. Usishawishike kushuka kipenyo kwa sababu tundu dogo ni zuri machoni. Bomba la milimita 51 lina eneo la sentimita za mraba 20 na ushee. La milimita 38 lina 11 tu. Umepoteza karibu nusu ya njia kwa kupunguza milimita 13.

Shimo likiwa kubwa kuliko tundu jipya, usihangaike. Karakana za mtaa wa Unga Limited, Arusha, zina watu wa kukereza vyuma ambao watakutengenezea pete ya alumini ya kuziba tofauti ukiwapelekea tundu lenyewe na mchoro wa vipimo. Shimo likiwa dogo, nenda polepole na faili. Kwenye baadhi ya ndege dashibodi hubeba mzigo, si pambo tu, na shimo linalokaribia ukingo hulidhoofisha bati. Na kama dira ya sumaku iko karibu, skrubu ziwe za shaba nyeupe au za chuma cha pua kisichoshika sumaku. Pitisha kila skrubu mbele ya dira kabla ya kuifunga. Sindano ikicheza, skrubu hiyo haifai.

Kuhusu alumini au plastiki, mimi niko upande wa alumini, hasa kwa ndege inayolala juani. Siku hizi wapo wanaojichapishia matundu kwa mashine za 3D za kuchapa vitu. Angalia plastiki wanayotumia: ile iitwayo PLA huanza kulegea karibu na nyuzi 60, joto ambalo dashibodi iliyo chini ya kioo kilichofungwa mchana kutwa inaweza kulifikia. Rangi ya pete ni shauri lako.

Bomba nalo libadilishwe wakati huohuo, hasa kama limepasuka kwenye mikunjo. Lile jeusi la neopreni linatosha kwa hewa baridi. Lile la rangi ya chungwa, la silikoni, linastahimili joto hadi nyuzi 288 hivi, na ndilo la upande wa hita na injini. Ndani ya mabomba haya mna waya uliosokotwa. Ukilikata, kunja ncha ya waya irudi ndani, isije ikachana mkono wako au kukwaruza nyaya za umeme zilizo jirani. Liache bomba lining'inie kidogo kabla ya kupanda kwenye tundu, na pale chini kabisa toboa kijishimo cha kutolea maji. Mvua ya masika huingia kwenye kishimo cha ubavuni bila kubisha hodi, na kama bomba limenyooka, itamwagikia redio.

Sasa kutoka kwa hewa. Chumba kisicho na njia ya kutolea hewa hujaa, na tundu linapoteza nguvu hata kama ni jipya. Kibaya zaidi ni njia ya kutokea ikiwa mahali pasipofaa. Sehemu kadhaa za nje ya ndege zina presha ndogo kuliko ndani, na kanopi isiyokaza vizuri inaweza kunyonya hewa ya chumbani hadi presha ya ndani ishuke. Hapo chumba kinaanza kujitafutia hewa popote: kwenye matundu ya nyaya ya ukuta wa injini, sakafuni, hata mkiani. Hewa inayopita huko yaweza kuwa na moshi wa ekzosi, na ndani yake kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Haina harufu wala rangi. Tundu la mbele linaloingiza hewa safi husaidia kuinua presha ya chumba na kuufukuza moshi huo, na ndiyo maana rubani anayeshuku kaboni monoksaidi huzima hita na kufungua matundu yote. Kifaa cha elektroniki cha kuitambua, chenye kengele, ni bora kuliko ile kadi yenye doa linalobadilika rangi, kwa kuwa kadi inakutaka uikumbuke na kuitazama.

Kuna na nyigu. Wale wanaojenga kwa udongo hupenda kijishimo chochote kilichotulia, na kishimo cha ubavuni ni nyumba nzuri kwao. Ziba kila unapoegesha, kwa kizibo chenye utepe mwekundu unaoonekana kabla ya kuruka. Wavu wa kudumu unawazuia pia, ila unakula sehemu ya hewa.

Kazi ikiisha, iandike kwenye kitabu cha matengenezo: tundu gani, bomba gani, tarehe, na nani alifunga. Ndege yenye namba za 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania, iko chini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa hiyo zungumza na mkaguzi wako kabla ya kukata dashibodi, si baada. Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na uwanja, bila abiria, na kifaa cha kaboni monoksaidi kikiwa kimewashwa: kwanza matundu yote wazi, kisha yote yamefungwa, kisha yamefungwa na hita imewashwa, na kila mara andika namba inayosomeka.