Kwa nini kaku ya Kijapani huwa kaite, lakini nomu huwa nonde?

Kila anayejifunza Kijapani hufika kwenye umbo la -te, na wengi hukwama hapo. Taberu, kula, haina shida: inakuwa tabete. Kisha kaku, kuandika, inakuwa kaite. Nomu, kunywa, inakuwa nonde. Toru, kuchukua, inakuwa totte. Je, kuna mantiki yoyote hapa?

Ipo, ila kwanza tuone umbo hili linafanya nini. Sisi husema: aliamka, akanawa uso, akaondoka. Mjapani husema: okite, kao o aratte, dekaketa. Kazi ya -ka- yetu hapo inafanywa na -te. Tofauti ni kwamba sisi tunataja wakati mwanzoni, kwenye ali-, ilhali wao huusubirisha hadi kitenzi cha mwisho. Geuza dekaketa iwe dekakeru, na sentensi yote inatoka kwenye jambo lililopita na kuwa mazoea au jambo lijalo, bila okite wala aratte kuguswa. Ndiyo maana ukimsikiliza Mjapani inabidi uvumilie hadi mwisho wa sentensi.

Umbo hilohilo hubeba mengine mengi. Tabete kudasai ni ombi: tafadhali kula. Tabete iru, anakula sasa hivi. Tabete mo ii, unaruhusiwa kula. Tabete miru, kula uone.

Sasa mantiki yenyewe. Zamani maumbo haya yalikuwa yamenyooka kabisa: kakite, nomite, torite. Katika enzi ya Heian, mwaka 794 hadi 1185, mji mkuu ukiwa Kyoto, matamshi yakaanza kulegezwa. Kwenye kakite, k ya katikati ikadondoka, ikabaki kaite. Kwenye nomite ikadondoka i. M ikakutana na t, ikawa n, na ughuna wake, yaani mtetemo wa nyuzi za sauti, ukaigeuza t kuwa d: nonde. Torite nayo ikapoteza i, r ikamezwa na t, na t ikatamkwa kwa mkazo mara mbili: totte. Oyogu, kuogelea, ilifuata njia ya kaku, lakini g ni sauti ghuna, hivyo ilipotoweka iliacha ughuna wake kwenye t: oyoide.

Ushahidi haujapotea. Katika umbo la heshima bado husemwa kakimasu, nomimasu, torimasu, na ile i ya kale imo palepale. Vitenzi vinavyoishia na -su, kama hanasu, kuzungumza, havikubadilika katika Kijapani sanifu: hanashite. Iku, kwenda, ndiyo inayokaidi. Ingefuata kaku ingekuwa iite, lakini Wajapani husema itte, na hiyo huna budi kuikariri. Mabadiliko hayakuwa sawa kila mahali pia: kau, kununua, Tokyo ni katte, ila katika lahaja ya Osaka utasikia kōte.

Kwa maoni yangu, hakuna sura ya sarufi ya Kijapani inayostahili kufanyiwa mazoezi mapema kuliko hii, kwa sababu wakati uliopita umejengwa juu yake. Kiambishi -ta kilitokana na -tari ya kale, yaani -te iliyoungana na ari, kuwepo, kwa hiyo kilipitia mageuzi yaleyale. Badilisha e ya mwisho iwe a tu: kaite, kaita; nonde, nonda; totte, totta; na hata ile kaidi, itte, itta.